Wasomaji Wanauliza: Japani kwa Treni, Siku Chache na Mfuko wa Mwanafunzi

Tangu tuandike juu ya vijana wetu wanaoalikwa Japani kwa mikutano na mafunzo mafupi, barua zimemiminika, nyingi za Lubumbashi, nyingine za Goma na Bukavu. Tumeanza na zile zinazohusu tikiti, maana hapo ndipo feza nyingi hupotea bure. Bei tumeziandika kwa yen. Kabla ya kuondoka, angalia dola moja inakupa yen ngapi.

Ndugu wahariri, jambo. Nasoma mwaka wa tatu wa ufundi. Nimealikwa Tokyo kwa mkutano wa wanafunzi, na mkutano ukiisha nitabaki na siku sita. Nataka kufika Kyoto na Hiroshima, kisha nirudi Tokyo kupanda ndege. Wenzangu wanasema ninunue ile pasi ya reli ya wageni nikiwa bado hapa. Inaokoa feza kweli? (Mwanafunzi, Kamalondo)

Ndugu yetu, iache. Maneno ya wenzako yalikuwa kweli hadi Septemba 2023. Wakati huo Japan Rail Pass ya siku 7 ilikuwa chini ya yen 30,000, na aliyekwenda Kyoto na kurudi Tokyo alikuwa karibu ameshairudisha feza yake. Oktoba ya mwaka huo ikapandishwa hadi yen 50,000. Ya siku 14 ikawa 80,000 na ya siku 21 ikawa 100,000. Mashauri mengi yanayozunguka kwenye WhatsApp ni ya kabla ya hapo, na bado yanawatia vijana hasara.

Fanya hesabu ya njia yako. Kwenye Nozomi, treni ya haraka kuliko zote kwenye reli hiyo, kiti chenye namba kutoka Tokyo hadi Kyoto ni karibu yen 14,000. Kyoto hadi Hiroshima ni karibu 11,500. Hiroshima hadi Tokyo moja kwa moja ni karibu 20,000. Jumla inazunguka 45,000, chini ya bei ya pasi. Tena mwenye pasi hapandi Nozomi hivi hivi: analipa nyongeza, na kwa Tokyo hadi Kyoto peke yake ni karibu yen 5,000. Asipotaka kuilipa atapanda Hikari, inayotumia kama saa 2 na dakika 40 badala ya saa 2 na robo, na kwa Hiroshima itambidi abadilishe treni njiani.

Ipo pasi ndogo ambayo kwa siku sita sisi tungeichagua: ile ya eneo la Kansai hadi Hiroshima, ya siku 5 mfululizo, karibu yen 17,000. Unanunua tikiti ya kawaida Tokyo hadi Kyoto, pasi inaanza kazi asubuhi unayotaka, na siku ya kurudi unanunua tena Kyoto hadi Tokyo. Jumla inakuja ileile 45,000, lakini humo ndani umeongeza Osaka, Nara, Himeji na kivuko cha kwenda kisiwa cha Miyajima. Mtego wake ni huu: treni ya mwendo kasi kati ya Kyoto na Shin-Osaka, kituo cha mwendo kasi cha Osaka, haimo, kwa sababu kipande hicho ni cha kampuni nyingine ya reli. Wengi huingia treni ya Hiroshima pale pale Kyoto, na kondakta akifika wanalipishwa. Wewe panda kwanza treni ya kawaida iitwayo shinkaisoku, kama dakika 25 hivi hadi Shin-Osaka, halafu ingia ya mwendo kasi.

Pasi zote hizi ni za mgeni wa muda mfupi tu. Uwanja wa ndege hakikisha muhuri au stika ya mgeni wa muda imo kwenye paspoti yako. Anayekwenda kusoma mwaka mzima na kupewa kadi ya ukaaji hazimhusu.

Nimeona picha ya abiria wa treni ya mwendo kasi, mmoja ana karatasi mbili, mwingine moja. Kwa nini? Na nikiwa langoni natumbukiza ipi? (Dada msomaji, commune ya Kenya, Lubumbashi)

Dada yetu, ukilielewa hili utakuwa umeelewa reli yote ya Japani. Bei ya treni ya mwendo kasi ni vitu viwili vilivyojumlishwa: nauli ya msingi, inayohesabiwa kwa kilomita, na nyongeza ya mwendo pamoja na kiti. Tokyo hadi Kyoto ni kilomita 513.6: nauli ya msingi ni yen 8,360, nyongeza ya Nozomi ni karibu 5,800. Mashine mara huchapa kila kimoja kwenye karatasi yake, mara huviweka pamoja.

Langoni, weka karatasi zote mbili moja juu ya nyingine, uzitumbukize pamoja kwenye tundu lililo mbele yako. Mashine inazivuta, inatoboa kitundu kidogo, na kabla hujapiga hatua ya pili zinakuwa zimechomoza upande wa mbele. Zichukue zote. Mgeni akiwa na haraka huvuka mikono mitupu, akaziacha pale. Kyoto lango halitamfungulia, na kama tikiti haikuonekana atalipa upya. Ukitumbukiza moja peke yake, vibao viwili vinajifunga mbele ya mapaja yako na king'ora kinalia. Si kosa la jinai. Rudi nyuma, nenda kwenye dirisha lenye mtumishi pembeni, umwonyeshe ulichonacho.

Nauli ya msingi ina faida ambazo wageni wengi hawazijui. Kwa safari inayozidi kilomita 200, tikiti ya karatasi kutoka Tokyo huandikwa kwa jina la eneo la mji, si la kituo kimoja. Maana yake, ukilala karibu na Ueno au Shinjuku, tikiti hiyohiyo inakupeleka hadi kituo cha Tokyo kwa treni ya kawaida ya JR, yaani kundi la kampuni za reli za Japani, bila kulipa tena, mradi usitoke nje ya lango katikati. Vivyo hivyo Kyoto: kwenye lango la kubadilishia treni mashine inameza karatasi ya nyongeza na kukurudishia ile ya nauli, kwa kuwa bado inafika vituo vingine vya JR vya mji huo. Aliyenunua kwa njia ya simu, bila karatasi, hana faida hii.

Ya pili ni kubwa zaidi. Tikiti ya msingi inayozidi kilomita 100 inakuruhusu kushuka njiani, kutoka nje ya kituo, na kuendelea baadaye, mradi usirudi nyuma. Ya kilomita 401 hadi 600 hudumu siku 4. Kwa hiyo mwenye muda kuliko feza ananunua nauli ya msingi peke yake na kwenda Kyoto kwa treni za kawaida: Tokyo hadi Atami, Hamamatsu, Toyohashi, Ogaki, Maibara, kisha Kyoto, akibadilisha katika vituo hivyo. Ni kama saa 9 ukifuliza. Unaweza pia kulala Shizuoka au Nagoya na kuendelea kesho na tikiti ileile. Ukichoka, unanunua nyongeza ya mwendo kwa kipande kilichobaki tu. Huko Atami mtu mara nyingi ana dakika chache za kubadilisha; fuata umati, usisimame kutafuta jina kwenye simu.

Ipo pia Seishun 18, tikiti ya msimu wa likizo za masika, kiangazi na baridi. Jina lake linahusu ujana, lakini umri wowote unaruhusiwa. Tangu majira ya baridi ya 2024 imekuwa ya siku 3 mfululizo kwa yen 10,000 au siku 5 mfululizo kwa yen 12,050, kwa mtu mmoja, treni za kawaida tu. Ile ya zamani iliyogawanywa kati ya marafiki haipo tena. Kwa mtu wa siku sita inafaa ikiwa tu unataka kweli kukaa ndani ya treni kutwa, siku baada ya siku.

Kadi yangu ya chuo kikuu itanipunguzia nauli? (Mwanafunzi, Bukavu)

Ya treni, hapana. Punguzo la wanafunzi la JR ni asilimia 20 ya nauli ya msingi kwa safari inayozidi kilomita 100, lakini linadai cheti kinachotolewa na shule iliyosajiliwa kwao. Kadi ya hapa au ile ya kimataifa haikubaliwi dirishani. Ibebe hata hivyo: majumba mengi ya makumbusho yana bei ya mwanafunzi.

Tokyo mjini tunalipaje treni ndogondogo? Airtel Money na M-Pesa za hapa zitafanya kazi? (Vijana wawili, Goma)

Hazitafanya kazi, wala franka ya Kongo haibadilishwi huko. Bebeni dola safi, zisizokunjwa wala kuchanika, kama mnavyozichagua hapa. Badilisheni uwanja wa ndege kiasi cha siku mbili tatu. Mwenye kadi ya Visa au Mastercard atoe yen kwenye mashine za Seven Bank ndani ya maduka ya 7-Eleven, au kwenye mashine za posta. Hizo ndizo zinazokubali kadi za nje bila shida. Iambieni benki yenu tarehe za safari, la sivyo itaifunga kadi mara ya kwanza mkiitumia.

Kwa treni za mjini chukueni kadi ya kugusa, Suica au Pasmo. Ya kawaida ina amana ya yen 500 inayorudishwa ukiirudisha kadi. Welcome Suica, ile ya wageni, haina amana, hudumu siku 28, na feza inayobaki ndani hairudi; basi msiijaze sana. Unagusa kuingia, unagusa kutoka, nauli inakatwa. Ikipungua, lango la kutokea linajifunga: iko mashine ya kuongezea humohumo ndani, karibu na lango, na nyingi zinataka noti, si kadi ya benki.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kutumia kadi hiyo kwa safari ndefu. Ukiingia Tokyo kwa Suica ukashuka Nagoya, lango halitakutoa, kwa sababu kadi haivuki mipaka ya maeneo kwa mguso mmoja. Utalipa taslimu dirishani na kupewa karatasi ya kuifungulia kadi. Ile safari ya saa 9 tuliyoieleza juu inataka tikiti ya karatasi tangu mwanzo.

Na treni za usiku wa manane hazipo. Za mwisho huondoka kati ya saa 6 na saa 7 usiku, za kwanza huanza kama saa 11 alfajiri. Anayefika usiku Narita, uwanja wa ndege ulio nje ya Tokyo, aangalie hilo kabla ya kitu kingine. Kwa kuingia mjini, treni ya kampuni ya Keisei isiyo na nyongeza inafika Ueno kwa karibu yen 1,100, kama saa moja na robo. Zile za haraka ni zaidi ya mara mbili ya bei hiyo.

Sisi wa Goma tumezoea ardhi kutikisika. Tetemeko likija treni ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 285 kwa saa? (Mama wa mwanafunzi, Goma)

Mama, swali hili wahandisi wao wamelifanyia kazi kuliko jingine lolote. Kando ya reli na pwani kuna vipima tetemeko. Vinapolisikia wimbi dogo linalotangulia, umeme wa njia hukatwa na treni zote za eneo hilo hufunga breki zenyewe kabla wimbi kubwa halijafika. Tarehe 23 Oktoba 2004, mkoani Niigata, treni moja ilitoka relini ikiwa kwenye mwendo mkubwa. Hakuna abiria aliyekufa. Katika tetemeko kubwa la tarehe 11 Machi 2011 hakuna treni ya mwendo kasi iliyokuwa na abiria iliyotoka relini.

Mwambie kijana wako: breki zikishika kwa ghafla, abaki kitini, ainame, alinde kichwa. Taa zinaweza kuzimika na hewa ya baridi ikakatika, kwa hiyo chupa ya maji iwe ndani ya begi la mkononi, si kwenye valizi. Asishuke njiani kwa hiari yake, maana kuna nyaya za umeme na treni za upande wa pili. Watumishi ndio hufungua milango na kuongoza. Safari ikifutwa, tikiti inarudishiwa feza. Treni ikichelewa saa 2 au zaidi, nyongeza ya mwendo hurudishwa yote, hata kama ulifika. Tikiti iwe bado mkononi.

Mimi ni Msabato, sili nguruwe wala kamba. Nitakula nini njiani? (Msomaji, Bukavu)

Utakula vizuri, ila usiamini macho. Nguruwe ni *buta*, na hujificha kwenye mchuzi: supu ya tambi za rameni iitwayo *tonkotsu* huchemshwa kwa mifupa yake, na rojo ya kari mara nyingi ina mafuta yake. Kamba ni *ebi*, ngisi ni *ika*, pweza ni *tako*. Tempura, vyakula vya kukaanga kwa rojo la unga, karibu kila mara ina kamba. Kinachofaa ni *onigiri*, tonge la wali lililofungwa kwa mwani, yen 150 hadi 200 katika duka lolote dogo: chagua la samoni, la mwani wa *kombu* au la tunda chachu la *umeboshi*. Mawili yanashibisha asubuhi. Udoni, tambi nene, wa mchuzi wa samaki upo vituo vingi. Sema hivi: *Buta niku wa taberaremasen*, yaani nyama ya nguruwe siwezi kula.

Ndani ya treni ya mwendo kasi watu hula kitini, na maboksi ya chakula cha kituoni ni yen 1,000 hadi 1,500. Kwenye treni za mjini hawali. Kwenye ile ya mwendo kasi, simu ya kuongea unaipokelea kwenye kijia kati ya mabehewa.

Valizi yangu ni kubwa, na nyumbani wanataka nibebe zawadi. (Mwanafunzi, Katuba)

Pima urefu, upana na kina, ujumlishe. Kuanzia Tokyo kwenda Kyoto na Hiroshima, mzigo unaozidi sentimita 160 hadi 250 unataka kiti maalum cha safu ya nyuma, chenye nafasi ya mzigo mgongoni mwake. Kukihifadhi hakuongezi bei, lakini ukiingia bila hicho unalipa yen 1,000. Unaozidi 250 hauingii kabisa. Ukienda Hiroshima kwa siku moja, iache valizi kwenye kabati la sarafu kituoni Kyoto. Makubwa hujaa kabla ya saa 4 asubuhi, basi wahi.

Zawadi zisiwe nyama: kavu, ya kuvuta moshi au soseji, zote hukamatwa uwanjani bila cheti cha serikali. Matunda mabichi na mbegu pia. Vitenge, sanamu na vikapu havina taabu.

Viza inaombwa wapi, na mapema kiasi gani? (Wasomaji kadhaa)

Ubalozi wa Japani uko Kinshasa. Faili likikamilika, jibu huchukua kama siku 5 za kazi, lakini barua ya mwaliko na karatasi za mdhamini kutoka Japani ndizo huchelewa. Anayekualika aanze kuzituma miezi miwili kabla. Viza ya kuingia mara moja hudumu miezi 3 tangu kutolewa, kwa hiyo kuomba mapema mno nako kunaharibu. Ikikataliwa hawatoi sababu, na kwa shabaha ileile hutaomba tena kabla ya miezi 6 kupita. Tarehe za mwaliko, za hoteli na za ndege zilingane siku kwa siku. Usilipe tikiti ya ndege isiyorudishwa kabla viza haijabandikwa.

Nimezaliwa Likasi, jirani na Shinkolobwe. Nikiwa na saa chache Hiroshima, nianzie wapi? (Mwanafunzi wa historia, Lubumbashi)

Una haki ya kwenda kuliko wageni wengi: sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu la atomiki lililoipiga Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe. Toka kituoni, panda tramu namba 2 au 6 hadi Genbaku Dome-mae, nauli haifiki yen 300. Jumba lililobaki magofu liko hapo hapo mbele yako. Vuka bustani hadi makumbusho. Kiingilio ni yen 200 kwa mtu mzima. Jipe saa tatu, na uingie asubuhi kabla ya makundi ya wanafunzi.

Baba yangu amefanya kazi SNCC, shirika la reli la Kongo, miaka mingi. Anauliza: reli za Japani zina upana gani? (Kijana wa Kampemba)

Mwambie mzee kwamba reli za kawaida za JR ni za milimita 1,067, sawasawa na zile zilizofika Lubumbashi mwaka 1910. Treni zile za saa 9 hadi Kyoto zinapita juu ya upana anaoujua. Za mwendo kasi, zilizofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, ni za milimita 1,435, kwenye njia yake peke yake isiyokatwa na barabara. Ndiyo maana mara nyingine zina kituo mbali na kile cha zamani: anayeshuka Shin-Osaka bado hajafika kituo cha Osaka, abaki ndani na kupanda treni ya kawaida, kituo kimoja.

Ukitaka kumpigia mzee picha, nenda makumbusho ya reli ya Kyoto, dakika chache kwa miguu kutoka kituo cha Umekoji-Kyotonishi. Kuna karakana ya duara ya mwaka 1914, injini za mvuke zimepangwa kuzunguka sahani kubwa ya kuzigeuzia, na fundi wa zamani atajua kila bomba kwa jina. Usiende Jumatano, hufungwa. Yale ya Omiya, karibu na Tokyo, hufungwa Jumanne.